Mnara wangu ndo mrefu kuliko yote, mbona kila siku nashika mkia?

"Habari mtaalamu. Nyumbani tunacheza Manhattan, ile gemu ya kujenga maghorofa, tupo wanne: mimi, mke wangu, mdogo wangu na binti yetu wa miaka 10. Tatizo langu ni kwamba karibu kila tukicheza mnara mrefu kuliko yote unakuwa wangu, tena unawapita mbali, ila tukihesabu pointi nashika mkia, na mke wangu ambaye majengo yake ni vijumba tu ndo anashinda. Mdogo wangu anasema hii gemu ni bahati ya kadi, halafu anadai kadi zisomwe kwa upande mmoja kwa watu wote. Na binti akipandiwa jengo lake, yaani mtu akiweka kipande juu yake na kulichukua, analia, mpaka mke wangu kashauri tuifute kabisa hiyo sheria ya kupandiana. Nakosea wapi? Na hiyo sheria tufute au tuiache?"

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili na nimecheka kidogo, sikucheki wewe, ni vile hiyo hali naijua, nimeipitia mwenyewe na sio siku moja. Gemu inaisha, mnara wako umesimama pale hata mtu aliyeko chumba cha pili anauona, unaanza kuhesabu pointi huku unatabasamu, kufika katikati tabasamu linaisha lenyewe. Nikikuelewa vizuri una maswali matatu kwenye bahasha moja: mbona mrefu hashindi, je kadi ndo zinaamua kila kitu, na hii kupandiana inayomliza mtoto ife au ibaki. Nitakaa sana kwenye la kwanza manake ukishalielewa hilo yale mengine yanajifungua yenyewe.

Kwanza nikutoe hofu, sio kwamba huna akili ya gemu. Umedanganywa na gemu yenyewe. Jina Manhattan, boksi lina maghorofa, vipande vimetengenezwa vipandane, yaani kila unachokishika mkononi kinakwambia jenga kwenda juu. Mtunzi wake ni Mjerumani Andreas Seyfarth, huyu huyu aliyekuja kutunga Puerto Rico mwaka 2002, na Manhattan ilitolewa na Hans im Glück ikabeba tuzo ya Spiel des Jahres mwaka 1994, ile tuzo ya Ujerumani ya gemu bora ya mwaka. Mtu wa namna hiyo hawezi kuweka mnara mrefu katikati ya bodi kwa bahati mbaya. Mimi naona kauweka kama chambo, na wewe kila mara unakimeza na ndoano yake.

Bodi ina miji 6, kila mji una viwanja 9, na kila zamu unatumia kadi moja inayokuonyesha kiwanja cha kuweka kipande kimoja. Tazama sasa pointi zinavyotoka. Kila raundi ikiisha mnahesabu mambo matatu. Mwenye jengo refu kuliko yote kwenye bodi nzima anapata pointi 3. Kwa kila mji, mwenye majengo mengi kuliko wenzake pale mjini anapata 2. Na kila jengo unalolimiliki linakupa 1, na hii 1 haijali urefu, jengo la ghorofa moja na jengo la ghorofa kumi yanalipa sawasawa. Sasa miji ipo 6, kwahiyo pointi za kuongoza miji ni 12 kila raundi, za mnara ni 3 tu. Wewe umekuwa unapigania zile 3 kwa nguvu zako zote, na shemeji anaokota kwenye zile 12 bila kelele.

Kuna kitu kingine hapo ambacho wengi hawakioni. Mkicheza wanne mna raundi 4, na mnahesabu mara 4, sio mwisho tu. Maana yake kijumba cha ghorofa moja alichokiweka shemeji raundi ya kwanza, kikakaa tu pale hakuna aliyekigusa, kinamlipa mara 4. Pointi 4 kwa kipande kimoja kidogo kuliko vyote! Mnara ukiushika raundi moja tu unakupa 3, na umekula vipande vingapi?

Ngoja tuipige hesabu kabisa. Raundi ya kwanza kila mtu anachukua vipande 6 kati ya 24 alivyonavyo. Tuseme wewe kama kawaida yako umetumia vitatu kwenye mnara, cha ghorofa nne, cha ghorofa tatu na cha ghorofa mbili, umefika ghorofa 9, na vitatu vilivyobaki umevitupia huku na kule. Una majengo 4, hizo ni pointi 4, ongeza 3 za mnara, jumla 7, na ukibahatika labda unaongoza mji mmoja, tuseme 9. Shemeji kachukua vyake 6 kavipanga viwili viwili kwenye miji mitatu. Majengo 6, pointi 6. Na kwasababu raundi ya kwanza vinashuka vipande 24 kwenye miji 6, wastani vinne kila mji, mwenye majengo mawili mara nyingi ndo anaongoza pale. Akiongoza yote mitatu anaongeza 6, jumla 12. Hata ukimharibia mji mmoja bado ana 10. Fanya hivyo raundi nne halafu ndo ujiulize kwanini unashika mkia.

Hapo usije ukaenda upande wa pili ukasema basi kumbe urefu hauna kazi, nitasambaza vya moja moja kila kona. Nimeona watu wengi wakitoka kwenye kosa lako wanaangukia hilo, na wanapigwa vilevile. Urefu una kazi kubwa sana, ila kazi yake ni ulinzi. Hili ndo la kuelewa vizuri, na ningependa uchukue vipande vya rangi mbili uviweke mezani wakati unasoma.

Sheria ya kupandia jengo la mwenzio inasema hivi: mwenye jengo ni yule ambaye kipande chake kiko juu kabisa. Wewe unaruhusiwa kuweka kipande juu yake endapo tu, ukishaweka, jumla ya ghorofa zako ndani ya jengo hilo inafikia ghorofa zake au kuzizidi. Ukimfikia tu inatosha, sio lazima umzidi. Na ukishaweka, jengo lote linakuwa lako.

Weka sasa kipande chako cha tatu. Shemeji akija na cha tatu chake juu, yeye 3 wewe 3, kakufikia, jengo lake. Umeumia, ila angalia, wewe bado una ghorofa 3 mle ndani, hazijaondoka. Ukipata kadi ya kiwanja kile unarudi na kipande cha moja tu, unakuwa 4 yeye 3, jengo limerudi. Yeye naye akirudi na cha moja anakuwa 4 na wewe 4, limeenda tena. Mnaona mlivyo? Mnabebana kwa vipande vidogo, na kila mmoja anapoteza zamu, wakati huohuo mdogo wako na binti wanajijengea mijini kwa raha zao. Vita ya watu wawili kwenye hii gemu mshindi wake ni mtu wa tatu, hii nimeiona meza nyingi mno.

Siri ipo kwenye tofauti. Usihesabu jengo lina ghorofa ngapi, hesabu ghorofa za mwenye jengo toa ghorofa za anayetaka kulichukua. Hiyo tofauti ndo ukubwa wa kipande anachohitaji. Tofauti ikiwa 2, anahitaji cha mbili au zaidi. Tofauti ikiwa 4, anahitaji cha nne na hana namna nyingine. Na tofauti ikiwa 5? Hakuna kipande cha tano kwenye boksi! Kikubwa kabisa ni cha nne, na hawezi kuweka kidogo leo kingine kesho manake hicho cha kwanza hakiruhusiwi kushuka kama hakimfikishi. Kwahiyo jengo lenye ghorofa 5 zako peke yako, bila rangi nyingine ndani, limefungwa. Ni lako mpaka gemu inaisha, hata wakija wote watatu.

Rudi sasa kwenye mnara wako wa ghorofa 9. Ghorofa 5 zilishatosha kuufunga, zile 4 za juu zimelinda nini? Hazijalinda kitu. Hicho cha nne kingekuwa kwenye kiwanja kingine kingekuwa jengo jingine la kueleweka, la kumtisha kila asiye na cha nne raundi hiyo. Unaposema mnara wangu unawapita mbali, mimi nasikia mtu anayesema nimelipia mlango mmoja kufuli tatu na madirisha yako wazi.

Na kuna kitu kitamu zaidi. Kwenye kuhesabu jengo refu kuliko yote, zinahesabiwa ghorofa zote za jengo, za rangi zote, halafu pointi 3 zinaenda kwa aliye juu. Chukua lile jengo mlilokuwa mnapigania na shemeji, 3 zako, 3 zake, 1 yako, 1 yake, limefika ghorofa 8 na la juu ni la shemeji. Kwa macho ni mnara mkubwa. Kwa tofauti ni dhaifu kuliko kajengo ka ghorofa 5 ka rangi moja, manake shemeji ana 4 tu mle ndani. Mdogo wako ambaye hajawahi kugusa jengo hilo anaweza kuja na cha nne, anamfikia, jengo lote linakuwa ghorofa 12 na ni la kwake, na zile pointi 3 kazichukua kwa kipande kimoja. Ndo maana huwa nawaambia watu mnara kwenye Manhattan haujengwi, unaokotwa. Waache wengine wajenge wakipigana, wewe weka cha nne pembeni usubiri.

Subiri mpaka lini? Hapo inategemea nani anaweka wa mwisho kwenye raundi. Ukipandia jengo zamu ya mwisho kabisa, hakuna wa kujibu kabla ya kuhesabu. Ukipandia mapema, watu watatu wote wana nafasi ya kukujibu. Kwahiyo raundi ambayo wewe ndo wa mwisho kuweka ni raundi ya kupora, na ambayo wewe ndo unaanza ni ya kujenga na kufunga. Kitu kidogo lakini shemeji nina hakika anakifanya, hata kama hajawahi kukisema.

Tuje kwa mdogo wako na bahati yake. Bahati ipo, sitakudanganya, unaweza ukahitaji kadi ya kiwanja kimoja raundi nzima isije. Ila angalia hesabu yake. Mkononi una kadi 4. Kila kadi inaonyesha kiwanja kimoja kati ya 9, na mji unachagua mwenyewe kati ya 6. Hata kadi zako zote nne zikiwa za aina moja una viwanja 6 vya kuchagua, na zikiwa aina nne tofauti una viwanja 24 kati ya 54 vya bodi nzima, toa tu vile ambavyo tofauti inakukatalia. Mtu mwenye uchaguzi wa karibu nusu ya bodi kila zamu akisema kadi zimemnyima, mimi namwangalia tu.

Kadi zikija mbili za aina moja ndo watu hulalamika zaidi, na mimi ndo hufurahi zaidi. Kumbuka ili jengo lako ulifikishe 5 unahitaji kurudi kwenye kiwanja kilekile, yaani unahitaji kadi ileile tena. Ukiwa na jozi mkononi unaweka cha tatu sasa, zamu inayofuata cha mbili, limefungwa. Katikati hapo wenzako watatu wana nafasi moja moja ya kukuwahi, na wanaoweza ni wale tu wenye kadi sahihi pamoja na kipande cha tatu au cha nne kati ya vile walivyobaki navyo. Ukianza na cha nne halafu cha moja ni salama zaidi, ila cha nne ni ghali, hivi ni vichache, kwahiyo mimi hufanya hivyo kwenye mji ambao najua nikishika kiwanja hicho nauongoza.

Kuhusu kadi kusomwa upande mmoja kwa wote, hapana, kwenye hilo mdogo wako kakosea na mkicheza anavyotaka mnaharibu kitu kizuri. Kadi inasomwa kutoka pale ulipokaa. Kona ya juu kushoto kwako ni kona ya chini kulia kwa aliyekaa mkabala na wewe. Ndo maana watu mnakaa pande tofauti za bodi. Kiwanja pekee ambacho ni kilekile kwa watu wote ni cha katikati. Na hapo kuna akili ya ziada ya bure: ukishika kadi mbili za katikati, wewe unajenga katikati na wenzako wamepungukiwa kadi za kukufuata huko, manake kadi wanayoihitaji ni hiyohiyo uliyoikalia. Ila ukishika mbili za juu kushoto, aliye mkabala na wewe amepungukiwa kadi za kiwanja kingine kabisa, kile cha chini kulia kwako. Kwahiyo jengo lako la chini kulia lina amani kidogo na yeye hata hujui kwanini. Fungueni kijitabu cha sheria mkisome pamoja kabla ya kucheza tena, sio katikati ya ugomvi.

Vipande gani uchukue kila raundi, hapa nitakwambia maoni yangu, wengine watabisha. Mimi kosa langu la zamani lilikuwa kinyume na la kwako, nilikuwa mchoyo, vya nne vyote nilivificha mpaka raundi ya nne, naingia raundi ya mwisho na jeshi zima na nimeshaachwa mbali sana. Jengo lililofungwa raundi ya kwanza linalipa mara 4, lililofungwa raundi ya nne linalipa mara 1, kwahiyo vikubwa kazi yao ya kufunga inaanza mapema. Siku hizi natoa kikubwa kimoja au viwili raundi ya kwanza pamoja na vidogo vya kusambaza, na cha nne kimoja nakibakiza kwa raundi ya mwisho, hicho ni cha kuokota mnara au kuuvunja mji wa mtu. Jengo moja ukilipora mwisho unapata 1 na yeye anapoteza 1, na kama hilo ndo lilikuwa linampa uongozi wa mji basi anapoteza na 2. Pia vipande ambavyo mwenzio kachukua kwa raundi hiyo viko mbele yake, viangalie! Kama hakuna aliyechukua cha nne raundi hii, tofauti ya 4 ni salama kama 5 mpaka raundi iishe.

Sasa binti. Hili sio dogo na nimefurahi mmeliuliza, manake wengi wanamwambia mtoto acha kulia ni gemu tu, na haisaidii.

Kuifuta sheria ya kupandiana nisingeshauri, na sababu ni ya hesabu. Mpo wanne, vipande 24 kila mtu, hivyo ni 96. Viwanja ni 54. Raundi mbili tu mmeshaweka 48, raundi ya tatu viwanja vinaisha, na baada ya hapo bila kupandiana kila mtu anabaki kupanda juu ya majengo yake mwenyewe, na kadi zikikuletea viwanja vya wenzako huna pa kuweka. Raundi ya nne nzima inakuwa ya kusindikiza. Na mkishafuta kupandiana, urefu haulindi kitu, tofauti haina maana, yaani mmebaki na gemu ya kuwahi viwanja, ambayo binti mwenyewe ataichoka haraka.

Ninachopendelea mimi ni kumfundisha binti ile tano kabla ya kitu kingine chochote. Kaeni wawili bila gemu, mpe vipande, mwambie ajenge nyumba ambayo baba hawezi kuichukua. Jaribu kuichukua kweli na cha moja, cha mbili, mpaka cha nne, akiona hata cha nne kimegonga mwamba utamwona uso wake. Watoto wanapenda sana kitu kisichochukulika. Halafu mwonyeshe na upande wa pili, kwamba jengo likichukuliwa ghorofa zake bado zipo mle ndani na anaweza kurudi na kipande kidogo kuliko alichoporwa nacho. Mara nyingi mtoto analia kwasababu anadhani kimeisha, anaona kipande cha mtu mwingine juu anahisi cha kwake kimekufa. Na naomba mjiangalie na nyie wakubwa, mkipandia jengo lake mnasema nini? Mdogo wako akipora huku anapiga kelele na kucheka, mtoto analilia kicheko zaidi ya jengo.

Kama bado ni ngumu, kuna njia ya kati: kwa gemu chache za mwanzo kubalianeni binti awe wa mwisho kuweka kila raundi. Ni faida kubwa kuliko inavyoonekana, na haivunji kitu chochote kingine. Mkiona ameanza kuwapiga, rudisheni zamu za kawaida, atajivunia hilo.

Na kama hampendi kabisa kuporana, hakuna dhambi, badilisheni gemu. Kuna Tiny Towns ya mwaka 2019, kila mtu anajenga kamji kake kwenye bodi yake yenye viwanja 16, nne kwa nne, hakuna anayeingia kwako, ingawa rasilimali anazotaja mwenzio zinaweza kukuvuruga mpaka ukasirike kimyakimya. Kuna na Sprawlopolis, kadi 18 tu, mnajenga mji mmoja pamoja na mnashinda au kushindwa wote. Machozi yanapungua, hilo ni kweli, ila na ule utamu wa kuangalia mnara wa mtu ukiwa na cha nne mkononi haupo tena. Mtachagua wenyewe.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ukijaribu haya gemu tano sita na bado hali ni ileile, tafuta mtu anayeijua Manhattan akae nyuma yako gemu moja bila kucheza, asikwambie kitu mpaka raundi iishe, halafu akuulize kila kipande ulikiweka pale kwanini. Vikundi vya wapenda gemu za bodi karibu vyote vina mtu anayefurahia kazi hiyo. Kwa binti, kulia akipoteza akiwa na miaka 10 ni jambo la kawaida kabisa, ila kama analia hivyohivyo na kwenye mambo mengine, shuleni akikosa kidogo tu, au anakataa kabisa kujaribu kitu anachoweza kushindwa, hapo achaneni na mambo ya gemu muongee na mwalimu wake au mshauri wa watoto ana kwa ana. Wao watamwona yeye, mimi nimemsoma kwenye sentensi moja tu.

Gemu yenu inayofuata nataka ujaribu hivi: raundi mbili za kwanza usijenge mnara wowote, jengo lako lolote likifika 5 liache hapohapo. Chukua karatasi, kila raundi andika pointi za kila mtu kwenye safu tatu, majengo, miji, mnara. Usimwambie shemeji unachofanya. Matokeo niandikie, na kama umeshika mkia tena nitumie na hiyo karatasi.